Wa Kwanza Kwenye Foleni ya Gurudumu la Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ikitokea mmoja wenu akadhani anaifahamu, na anyamaze kwa adabu. Hata sisi tuliozaliwa humo tumefundishwa kunyamaza kwa adabu, na hatujapungukiwa na kitu, isipokuwa vile vitu tulivyopungukiwa navyo.

Ni nchi nzuri. Wimbo wake wa taifa una beti nyingi na huimbwa polepole, na juu ya mlango wa kila ofisi ya serikali pameandikwa Subira Yavuta Heri. Wanaojua historia husema maneno hayo yalichaguliwa siku ileile ya uhuru, pale mgeni rasmi alipochelewa kufika uwanjani na watu wakasimama juani hadi wengine wakazimia. Tangu hapo tukawa taifa la foleni. Tunapanga foleni ya maji, foleni ya vitambulisho, foleni ya dawa, na foleni ya kuulizia foleni ya dawa inaanzia wapi. Tunayo Wizara ya Foleni na Subira, na Waziri wake ni Mheshimiwa Profesa Kibwagizo, ambaye hajapata kusimama mahali popote zaidi ya muda wa kupigwa picha. Mimi ni fundi cherehani, watu huniita Fundi Shomvi, na nikimtazama mtu huanza na nguo. Suti ya Mheshimiwa ilikuwa imebana mgongoni, dalili ya mtu aliyenenepa kwa haraka kuliko fundi wake alivyotegemea.

Kwetu ni Maweleni. Tulikuwa na visima viwili, msikiti, mashamba ya muhogo, na makaburi yetu kwenye kilima cha mchanga nyuma ya msikiti. Serikali ikaja ikatueleza kuwa tumebahatika. Hapohapo petu ndipo palipofaa kujengwa Bustani ya Furaha ya Taifa, yenye mabembea na michezo ya kila namna, pamoja na Hoteli ya Ukarimu ya kuwalaza wageni watakaokuja kufurahi. Sisi tukahamishiwa ng'ambo ya barabara kuu, kwenye vibanda vya mabati vilivyopangwa kwa mstari mmoja mrefu, ili tuzoee. Makaburi yakabaki.

"Marehemu hawana usumbufu," alisema Mheshimiwa Kibwagizo siku tuliyohamishwa, akiwa amesimama juu ya jukwaa na tingatinga likinguruma nyuma yake. "Watapumzika palepale, katika mandhari iliyoboreshwa. Na ninyi watu wa Maweleni, kwa kuwa mmeitoa ardhi yenu kwa moyo mkunjufu, natamka mbele ya Mtukufu Rais, na mbele ya historia, na mbele ya vyombo vya habari, kwamba ninyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kwenye foleni ya Gurudumu la Taifa!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Na sipendi serikali isingiziwe. Ahadi ile ilitimizwa kama ilivyotamkwa. Tulikuwa wa kwanza kwenye foleni, na tumeendelea kuwa wa kwanza miaka yote hii.

*

Gurudumu la Taifa ni duara kubwa la chuma lenye vibanda vinavyoning'inia. Unaingia kibandani, unafungiwa mlango, linakuzungusha taratibu mpaka unakuwa juu kuliko miti yote, halafu linakurudisha chini ukiwa umefurahi. Kwa wananchi ni bure. Jambo hilo limeandikwa getini kwa herufi kubwa, na wageni hulisoma kwa sauti na kutikisa vichwa kwa kustaajabu wema wa nchi yetu.

Aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni ni Bi Sikudhani binti Mbaruku, mjane aliyekuwa akipika vitumbua Maweleni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mbele yake kulikuwa na mnyororo, na nyuma ya mnyororo alisimama Bwana Mlekwa, Afisa Foleni Daraja la Pili, mtu wa makamo mwenye filimbi shingoni na sare iliyopwaya mabegani.

Bi Sikudhani hakuja kufurahi. Alikuwa na binti mmoja tu, Tausi, aliyechukuliwa na homa akiwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Tausi alizikwa kwenye kilima cha mchanga, na kila Alhamisi alasiri mama yake alikwenda kulifagia kaburi lake. Akishamaliza la Tausi, hakuona vizuri kumwacha jirani na majani makavu, basi akafagia na la jirani, na la jirani yake, mpaka kilima chote kikawa safi. Ndivyo alivyoishi na msiba wake. Kisha ukajengwa ukuta wa Hoteli ya Ukarimu, mweupe, mrefu, wenye vigae vya chupa juu, na kilima kikabaki ndani. Anayeruhusiwa kuingia mle ni mgeni wa hoteli peke yake. Tangu siku ile Bi Sikudhani hakuliona tena kaburi la mwanawe, wala hakujua kama kuna mtu anayelifagia.

Lakini juu ya gurudumu, mtu aweza kuona ng'ambo ya ukuta. Kila mtu alijua hivyo, maana wageni wakishuka walikuwa wakisifia jinsi hoteli yao inavyopendeza kwa juu.

"Mimi sitaki kuzunguka, baba," Bi Sikudhani alimwambia Bwana Mlekwa tangu siku ya kwanza. "Mnipandishe, nitazame mara moja, mnishushe."

"Bi mkubwa, gurudumu halina nusu safari."

"Basi nitazunguka, ikibidi. Nitafumba macho sehemu zilizobaki."

Nami nilikuwa na wangu kilimani. Mke wangu, Mwanakheri, amezikwa safu moja na Tausi. Na kusema kweli foleni nzima ilikuwa na mtu wake kule. Mzee Kondo alikuwa na mama yake, Salma Kipara alikuwa na pacha wake, na wengine wengi walikuwa na baba na babu na vichanga ambao hawakuwahi kupewa majina. Mpita njia angetuona tumejipanga mbele ya Bustani ya Furaha angedhani tuna hamu kubwa ya kufurahi.

*

Sasa niwaeleze kuhusu bangili, maana hapo ndipo ukarimu wetu unapoonekana.

Mgeni akifika hotelini huvishwa bangili ya fedha iitwayo Pita Mbele. Akiwa nayo hapangi foleni. Anakuja na kofia yake na kinywaji chake, Bwana Mlekwa anafungua mnyororo, mgeni anapita, mnyororo unafungwa. Ikawa nzuri. Lakini wageni walipozidi wakaanza kukutana mlangoni na kusubiriana, jambo la aibu kubwa kwa taifa. Wizara ikaleta bangili ya dhahabu, Pita Mbele Zaidi, ya kuwapita wenye Pita Mbele. Baadaye ikaletwa ya almasi, ya kuwapita wenye kupita waliopita. Mwenye almasi alikuwa hana haja hata ya kupanda. Gurudumu lilisimamishwa kwa heshima yake huku yeye akiendelea kunywa chai barazani.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Bi Sikudhani alimwambia Bwana Mlekwa.

"Kanuni imerekebishwa, bi mkubwa. Siku ya tatu anapandishwa daraja."

Ilikuwepo pia Saa ya Wageni. Wageni wa hoteli walipewa saa moja ya alfajiri, kabla ya geti kufunguliwa kwa wananchi, wafurahi bila kubughudhiwa. Wakaipenda. Wakaomba iongezwe kidogo, ikaongezwa kidogo, na baada ya nyongeza kadhaa ile saa moja ya alfajiri ikawa inakwisha magharibi. Wananchi wakaachiwa muda wote uliobaki, yaani ule ulio kati ya mgeni wa mwisho kushuka na swichi kuzimwa. Siku moja Bi Sikudhani alivushwa mnyororo akafanikiwa kuweka mguu wa kulia kwenye ngazi. Swichi ikazimwa. Akaurudisha mguu chini, akamwambia Bwana Mlekwa alale salama.

Kisha wageni wakachoka na gurudumu, wakaanza kututazama sisi. Hoteli ikajenga baraza lenye miavuli mbele ya foleni. Bibi mmoja mwenye kofia pana akaomba aonje. Akapewa bangili maalumu ya kupanga foleni bila kupanga foleni, akaletwa akaingizwa mbele, kati ya Bi Sikudhani na mimi. Bi Sikudhani akasogea, maana mgeni hasukumwi. Yule bibi akafumba macho, akavuta pumzi.

"Mmebarikiwa nyinyi," akatuambia. "Kwetu hakuna tena mtu anayejua kusubiri."

"Karibu," Bi Sikudhani akamjibu. "Mahali pa kusubiri hapajai."

Akapigwa picha na sisi, akaondoka amelowa machozi. Gauni lake lilikuwa la kitani safi, lakini pindo lilikuwa limefumuka kwa nyuma na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ningelishona kwa dakika chache.

*

Mambo yalibadilika kwa sababu Mtukufu Rais aliuliza swali. Aliuliza kama Hoteli ya Ukarimu imejaa.

Haikuwa imejaa hata kidogo. Ilijengwa kubwa, ili ionekane kutoka angani, na wageni walikuwa wakipotea ndani yake. Ila hakuna waziri katika nchi yetu aliyewahi kumjibu Mtukufu kwa neno hapana na kesho yake akabaki na gari. Mheshimiwa Kibwagizo akajibu kwamba imejaa, karibu kujaa, iko katika hatua za mwisho za kujaa. Mtukufu akasema atakuja kuizindua upya siku itakapojaa kabisa.

Wizara ikakaa. Wageni wapya hawakupatikana, basi ikaonekana njia rahisi ni kurekebisha maana ya mgeni. Ikatungwa kanuni, na kipaza sauti cha bustani kikawa kinaitangaza kila asubuhi: "Mgeni wa Hoteli ya Ukarimu ni kila binadamu aliyemo ndani ya ukuta wa hoteli tangu geti linapofungwa jioni hadi linapofunguliwa asubuhi. Jamaa zake wa karibu watahesabiwa pamoja naye na watapata haki zote za wageni."

Kwa kanuni hiyo askari wa zamu wakawa wageni. Wapishi wakawa wageni, pamoja na mafundi bomba na kijakazi mmoja aliyejifungia stoo kwa bahati mbaya. Jina la paka wa jikoni lilipelekwa kikaoni likakataliwa kwa kura chache. Na bado vyumba vilibaki vitupu.

Asubuhi moja Bi Sikudhani aligeuka akanitazama.

"Fundi, unasikia wanachosema?"

"Nasikia. Wanasema kila siku."

"Kila binadamu aliyemo ndani ya ukuta."

"Ndivyo."

"Na jamaa zake." Akauonyesha ukuta kwa kidole. "Sasa Fundi, Tausi wangu yuko wapi?"

Akageuka mbele, akanyoosha kanga yake, akamwita Bwana Mlekwa.

"Baba, nina mtu wangu hotelini."

"Nani huyo, bi mkubwa?"

"Mwanangu. Tausi."

Bwana Mlekwa akachukua sauti ya kazi. "Aliingia lini?"

"Kabla ya hoteli."

"Yuko chumba gani?"

"Chake peke yake."

"Alikuja na mizigo?"

"Sanda. Na pamba kidogo."

Bwana Mlekwa alikuwa keshauliza swali linalofuata kabla ya kuelewa, maana maswali yale aliyazoea. "Amewahi kulalamikia huduma?"

"Hajawahi kudai kitu tangu alipoingia."

"Mgeni mwema," alisema Bwana Mlekwa, kisha akasikia alichokisema. Akavua kofia. Akaishika kifuani, akatazama chini, na wala hakupuliza filimbi ingawa wageni wawili wa dhahabu walikuwa wamefika mnyororoni. Nilimpenda mtu yule siku ile, pamoja na sare yake mbovu.

Akaenda kuwaarifu wakubwa.

*

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa dansi wa hoteli, na sambusa zikapelekwa mara kadhaa. Habari zilitufikia kupitia wapishi, waliokuwa hawaruhusiwi kupita jiko na ukumbi, na ambao kama nilivyosema walikuwa wageni.

Wengine walisema maiti si binadamu kwa maana ya kanuni. Mwanasheria wa Wizara akasimama akasema kanuni inataja binadamu, haikutaja kupumua, na kwamba tukianza kuwadai watu pumzi itabidi tuanzie bungeni. Wengine wakasema tukimkubali mtoto mmoja, Maweleni nzima itadai bangili. Mjadala ukapamba moto. Ndipo Mheshimiwa Kibwagizo, aliyekuwa kimya akihesabu kwa vidole, akainuka huku uso wake uking'aa. Alikuwa amejumlisha makaburi yote ya kilimani.

Hoteli ilikuwa imejaa.

Tuliitwa sote, tukapangwa. Jukwaa likawekwa, na bendi ikapiga wimbo wa taifa hadi ubeti wa kati.

"Wananchi wenzangu!" alisema Mheshimiwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Hayo ni maneno ya wazee wetu. Yako mataifa makubwa, yenye ndege na barafu, lakini nani kati yao amewakumbuka marehemu wake? Wanawaacha makaburini! Sisi leo tunawapandisha hadhi. Natangaza kwamba marehemu wote wa Maweleni ni wageni rasmi wa Hoteli ya Ukarimu! Wamekaa kuliko mgeni yeyote, hawajavunja hata glasi, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kutaka kuondoka. Je, huo si ushahidi wa ubora wa huduma zetu? Na jamaa zao watapewa bangili kwa awamu. Awamu ya kwanza itakuwa ya mtu mmoja."

Mtanicheka, lakini nililia. Miaka yote tangu tuhamishwe hakuna mtu wa serikali aliyekuwa ametamka kwamba watu wetu wamo mle ndani. Sasa Waziri mzima, kwa kipaza sauti, alisema wamo. Mwanakheri wangu alikuwa mtu aliyeogopa kukaa kiti cha mbele hata harusini, na leo anaitwa mgeni rasmi. Salma Kipara alikuwa akipiga vigelegele huku machozi yakimtiririka, na Mzee Kondo alinishika bega akaniambia, "Fundi, mama yangu yuko hotelini." Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Siwezi kuikana sasa.

Bangili ya awamu ya kwanza alipewa Bi Sikudhani.

*

Siku ya sherehe alivaa kanga mpya na viatu vya mpira alivyovisugua kwa jivu. Bangili ilikuwa pana, ikawa inamteleza hadi kwenye kiwiko.

"Sasa naweza kuingia hotelini kumwona mwanangu?" akauliza.

"Bila shaka," akasema meneja wa hoteli, aliyekuwa na tai ya kipepeo. "Jamaa anaruhusiwa kumtembelea mgeni wakati wowote. Mgeni mwenyewe apige tu simu mapokezi atuarifu kwamba anamtarajia."

Bi Sikudhani akamtazama yule meneja kwa huruma. "Basi nitapanda gurudumu," akasema.

Hapo pakatokea tatizo. Bangili inamruhusu mtu kuipita foleni, na Bi Sikudhani alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpita. Wapiga picha walikuwa wameshajiandaa. Bwana Mlekwa, kwa aibu, akamwomba arudi nyuma hadi mwisho, kusudi apate watu wa kuwapita.

Akarudi. Akaanza kutupita mmoja mmoja, kamera zikimfuata, na kila aliyempita akamshika mkono.

"Bi Sikudhani, nitazamie na la mama yangu. Jiwe lake lilikuwa limeinama," alisema Mzee Kondo.

"Na la pacha wangu," alisema Salma.

"La babu, lile la pembeni kabisa."

"Mwanangu, Bi Sikudhani. Hana jina, lakini unamjua."

"Namjua," akajibu. Aliwajibu wote hivyo, maana aliwajua wote. Aliwafagilia kila Alhamisi.

Alipofika mnyororoni ikaonekana kibanda hupanda na watu wawili, ama sivyo kinaegemea upande mmoja. Akanitazama. "Njoo, Fundi," akasema. Hakuna aliyekataa, kwa kuwa kibanda kilikuwa kikisubiriwa na televisheni.

Mlango ukafungwa. Tukapanda.

Sikuwahi kufika juu kiasi kile. Niliona vibanda vyetu vya mabati, mstari mmoja ulionyooka, kisha nikaiona foleni, watu wameinua nyuso wote kwa pamoja. Nikauona ukuta, kwanza ubavu wake, halafu vigae vya chupa vikimetameta. Bi Sikudhani alikuwa amesimama, amebana uso kwenye kioo.

Tukawa juu ya ukuta. Gurudumu likasimama, kama linavyosimama kwa ajili ya wageni wapige picha.

Kilima hakikuwepo.

"Fundi," akasema, "kilima kiko wapi?"

"Labda ni upande ule."

"Msikiti ulikuwa wapi?"

Nilitafuta vile visima viwili. Kimoja kilikuwa kimejengewa kuta za urembo, na chemchemi ikiruka juu yake, basi nikaanzia hapo. "Msikiti ulikuwa pale penye baa," nikasema.

"Basi kilima ni pale."

Pale palikuwa na bwawa la kuogelea. Palikuwa pamesawazishwa kabisa, maji ya buluu, vigae, vitanda vya kuotea jua vimepangwa kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Watoto walikuwa wakirukia majini. Mmoja alikuwa wa kimo cha Tausi, na alipocheka niliona hana meno ya mbele. Nilitazama mahali ilipokuwa safu ya Mwanakheri. Alikuwapo mtu amelala kifudifudi, na mwingine alikuwa akimpaka mafuta mgongoni.

Mimi nililia kwa sauti, sioni haya kusema. Bi Sikudhani hakulia. Alitazama bila kupepesa, kichwa kikienda taratibu kutoka mwanzo wa bwawa hadi mwisho, kisha akarudia tena.

"Wamewapeleka wapi?" akauliza.

Sikujua. Mpaka leo sijui.

*

Tulipofika chini Bwana Mlekwa alifungua mlango mwenyewe. Bi Sikudhani akamsogelea karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini, swali lilelile.

Yule mtu akaishika filimbi yake shingoni. "Kwenye hesabu wamo, bi mkubwa," akasema. "Wote wamo."

Mheshimiwa Kibwagizo alikuwa keshafika na kipaza sauti. "Mama yetu! Uwaambie watazamaji wetu na Mtukufu Rais anayetufuatilia akiwa Ikulu. Mgeni wetu hajambo?"

Bi Sikudhani akakitazama kipaza sauti. Nyuma ya Mheshimiwa foleni nzima ilikuwa imenyamaza. Mzee Kondo alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, na Salma alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hajambo," akasema.

Bendi ikapiga. Mheshimiwa akaanza kuhutubia juu ya awamu ya pili, ambayo mchakato wake ungeanza mara baada ya upembuzi yakinifu wa mchakato wenyewe. Bi Sikudhani hakumngoja amalize. Alikwenda kwenye foleni, akaanza na wa mbele.

"Mzee Kondo, la mama yako nimeliona. Lile jiwe lililoinama wamelinyoosha."

"Alhamdulillahi," Mzee Kondo akasema, akafunika uso.

"Salma, la pacha wako halina hata jani moja. Pamefagiwa, mwanangu, kweupe kabisa."

Akaendelea hivyo, mtu kwa mtu. La babu wa pembeni, limewekewa kokoto kuzunguka. La mtoto asiye na jina, kuna ndege alikuwa ametua hapo. Sauti yake haikutetemeka. Watu walikuwa wakicheka na kulia, wakikumbatiana, wakimbusu mkono wenye bangili. Waliokuwa wamechoka wakajinyoosha. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kata tamaa na kukunja mkeka wake akaukunjua tena. Wageni barazani walisimama wakapiga makofi, na Mheshimiwa akatuonyesha kwa mkono kwamba haya ndiyo matunda ya subira.

Mimi nilimfuata nyuma yake njia yote. Nilisikia kila alichosema. Wengine wakanigeukia, "Kweli, Fundi?" nami nikawajibu kuwa ni kweli.

Alipomaliza mtu wa mwisho, akasimama hapo mwishoni, mikono imening'inia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nikasogea. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu haya mawili, nimeona bwawa na baa na yule mtu aliyelala kifudifudi. Najua nilichokiona.

"Bi Sikudhani," nikasema, "na la Mwanakheri?"

Akaivuta bangili iliyokuwa imemteleza hadi kwenye kiwiko.

"Liko, Fundi," akasema. "Nimeliona. Wamelimwagia maji leo asubuhi."

"Ahsante," nikamwambia. "Ahsante sana, dada yangu."

Tukasimama. Foleni ikasogea hatua moja, kwa sababu mtu fulani mbele alikuwa amesogea kufunga kamba ya kiatu, nasi tukasogea.

"La Tausi umeliona?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kukataa. Sasa ndiyo machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mimi nimeliona," nikasema. "Ulipokuwa ukitazama upande ule wa pili. Liko palepale lilipokuwa."

"Kweli, Fundi?"

"Haki ya Mungu."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Limefagiwa?"

"Limefagiwa," nikasema.